Dishi ni letu, ruta ni ya nani?

Ukipita Kitengela au Ongata Rongai, au ukashuka hadi vijiji vya Kitui na Kajiado, hukosi kuona dishi jeupe bapa juu ya mabati, limetazama mbinguni. Na kila nikikuta mtandao umezorota kwenye boma lenye dishi kama hilo, nakuta pia watu wametoka nje, shingo zimewapinda kwa kuangalia juu. Baba ameazima ngazi kwa jirani ili apande kupangusa vumbi. Kijana ametumwa kukata tawi la mwarobaini. Mpita njia anasema ni mawingu ya leo. Ndani ya nyumba, nyuma ya televisheni, kuna kisanduku kilichofunikwa kitambaa cha kufuma, kimepata moto hata ukikigusa unauondoa mkono haraka, na hakuna aliyekikumbuka.

Kisanduku hicho ndicho ruta. Ndicho kinachopokea mtandao kutoka kwa dishi na kuugawia simu, kompyuta na televisheni. Nasema bila kuzunguka: mwenye nyumba aliyeinunua kwa pesa zake anapaswa kuweza kuikagua ruta hiyo, kuitengeneza, na kuibadilisha kwa nyingine aipendayo bila kumwomba mtu ruhusa. Haki hiyo iandikwe kwenye kanuni za nchi. Ikiachwa iwe hisani ya kampuni, kampuni itaitoa mwaka huu na kuiondoa mwaka ujao, na tayari tumeliona hilo likitokea.

Kikulacho ki nguoni mwako

Starlink, kampuni ya mtandao wa setilaiti yenye madishi hayo, ilianza kuuza huduma zake Kenya mnamo Julai 2023. Mtandao wa setilaiti tuliokuwa tukiujua kabla ya hapo, ule wa benki za mashambani na mashirika ya misaada kule Lodwar na Marsabit, ulitegemea setilaiti zilizokaa karibu kilomita 36,000 juu ya ikweta. Umbali huo ulimaanisha kwamba swali lako na jibu lake vilichukua zaidi ya nusu sekunde kwenda na kurudi, na mazungumzo ya video yalikuwa ni kukatizana maneno. Setilaiti hizi mpya huzunguka kwenye kimo cha kilomita 550 hivi. Sehemu ngumu ya safari, ya kutoka ardhini hadi angani na kurudi, imepatiwa ufumbuzi. Kilichobaki ni mita chache kutoka sebuleni hadi chumba cha mtoto anayefanya kazi ya shule, na mita hizo chache ndizo zinazotushinda.

Ruta hutuma waifai kwa masafa mawili makuu: gigahezi 2.4 na gigahezi 5. Masafa ya 2.4 hufika mbali, lakini ni ya polepole, na katika ploti yenye wapangaji wengi yanagombaniwa na ruta za majirani wote. Masafa ya 5 yana kasi, ila hayapendi ukuta. Sasa ichukue ruta hiyo uipeleke Lamu mjini, kwenye nyumba ya mawe ya matumbawe yenye kuta zinazokaribia unene wa dhiraa moja. Au ipeleke kwenye nyumba iliyogawanywa vyumba kwa mabati, maana bati huyarudisha mawimbi yalikotoka. Ruta iliyobuniwa ikifikiriwa nyumba ya Marekani, yenye kuta za mbao na jasi, itafanya nini hapo? Mama atanunua bando la simu ili mtoto amalizie kazi, huku pesa za mtandao wa mwezi zikiwa zimeshalipwa. Hapo nyumba imelipia huduma moja mara mbili.

Kulijua tatizo hakuhitaji fundi. Programu ya Starlink kwenye simu ina kipimo cha kasi kinachotenganisha safari mbili, ile ya kutoka mtandaoni hadi kwenye ruta na ile ya kutoka kwenye ruta hadi kwenye simu yako. Ingia chumbani, funga mlango kama unavyofungwa siku zote, kisha upime. Ikiwa safari ya kwanza inasoma megabiti 120 kwa sekunde na ya pili inasoma 9, mwambie aliye juu ya ngazi ashuke, dishi halina kosa. Halafu rudi sebuleni, kaa karibu na ruta, upime tena. Ukiwa na kompyuta na waya wa mtandao, ichomeke moja kwa moja kwenye ruta uone waya unasema nini bila waifai kuingilia. Hata dishi lenyewe lina anwani yake: andika 192.168.100.1 kwenye kivinjari na litakujibu.

Wengi watakaofanya hivi wataishia kutotumia hata shilingi. Wataondoa kitambaa, waitoe ruta nyuma ya televisheni, waiweke juu ya kabati karibu na katikati ya nyumba, na maisha yaendelee. Lakini kuna nyumba ambazo hilo halitazisaidia, kwa sababu ruta yenyewe ndiyo haitoshi au imeanza kufa. Na hapo ndipo swali la umiliki linapoanza kuuma.

Walifungua, wakafunga, wakafungua

Ukitaka kujua kwamba kufungwa kwa vifaa hivi ni uamuzi wa mtu ofisini wala si amri ya maumbile, tazama vizazi vya vifaa vya Starlink vyenyewe.

Kizazi cha kwanza, kile cha dishi la duara, kilikuja na kifaa cha umeme kilichosimama peke yake. Waya mmoja ulikwenda kwa dishi, mwingine kwa ruta. Asiyeitaka ruta ya kampuni aliuchomoa waya wa pili akauchomeka kwenye ruta yake, basi. Mwishoni mwa 2021 kikaja kizazi cha pili, cha dishi la mstatili, ambacho kimesambaa sana katika nchi zetu. Hapo mambo yakageuka. Tundu la waya wa mtandao liliondolewa kwenye ruta. Aliyetaka kuunganisha kompyuta kwa waya ilimbidi anunue adapta ya pembeni. Vichwa vya waya vikawa vya umbo la kampuni yenyewe, usiloweza kulikuta katika duka lolote la waya. Kubwa zaidi, mtambo wa kulilisha dishi umeme ukafichwa ndani ya ruta. Maana yake ni kwamba hata ukinunua ruta bora kuliko zote duniani, ile ya kampuni lazima ibaki imewashwa, la sivyo dishi linazimika.

Kizazi cha tatu kilipotoka mwishoni mwa 2023, matundu ya waya yalirudi, mawili, nyuma ya kifuniko. Adapta ya umeme ikatolewa nje ya ruta, hivyo ikiungua unatafuta adapta, hununui ruta nzima. Sayansi ya mawimbi ilikuwa ileile mwaka 2020, mwaka 2021 na mwaka 2023. Kilichobadilika ni nia ya mbunifu. Naipongeza kampuni kwa kurudi nyuma, na napenda iendelee hivyo. Lakini familia iliyonunua kizazi cha pili kwa akiba ya chama haikuulizwa, na haitarudishiwa matundu yake.

Kuna jambo jingine wengi hawalijui. Programu inayoendesha ruta za Starlink imejengwa juu ya OpenWrt, programu huria iliyoanza mwaka 2004. OpenWrt nayo ilizaliwa kwa sababu ruta maarufu ya Linksys, WRT54G, ilikuwa imetumia programu huria ya Linux ndani yake, na masharti ya leseni yakailazimu kampuni kuutoa hadharani msimbo wake mwaka 2003. Watu wa kawaida waliingia ndani ya kifaa walichokinunua, wakakisoma, wakakiboresha, na kazi yao ya kujitolea ikawa msingi wa biashara za mabilioni. Kampuni iliyonufaika na uhuru huo ina deni la kuuendeleza hadi kwa mteja wa mwisho.

Stima inaporudi

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mhandisi anayeishi mahali ambapo umeme haukatiki hawezi kujua jinsi stima inavyorudi kwetu. Hairudi kwa adabu. Hurudi kwa kishindo, ikipanda na kushuka, na kila kilichosahaulika kwenye soketi kinajaribiwa. Fundi mmoja wa vifaa vya elektroniki jijini Nairobi alinifungulia ruta iliyoletwa kwake baada ya usiku wa namna hiyo. Upande wa redio ulikuwa safi kabisa, kama ulivyotoka kiwandani. Upande wa umeme, kapasita moja ilikuwa imefura na kupasuka kichwani, na ubao chini yake umekuwa mweusi. "Hii sehemu ningeiuza peke yake kwa bei ya chakula cha mchana," aliniambia, "lakini wameifungia pamoja na nyingine zote. Nikikosea hapa, dishi nalo linakwenda."

Maneno yake yana uzito kuliko ripoti nyingi. Umeme na redio vikikaa ndani ya ganda moja, kapasita ya shilingi chache inaizima nyumba nzima: mtoto hana masomo, kinyozi aliyekodisha chumba cha mbele hana muziki, na binti anayefanya kazi za mtandaoni kwa wateja wa ng'ambo anakosa siku ambayo hatarudishiwa. Mpaka kifaa kipya kifike, anayeishi Nairobi anaweza kusubiri siku mbili tatu. Anayeishi North Horr je?

Matumizi ya umeme nayo yahesabiwe. Vifaa vya kizazi cha pili hula wastani wa wati 50 hadi 75, vya kizazi cha tatu wati 75 hadi 100. Wati 75 zikiwaka saa 24 ni uniti 1.8 kila siku, na kila anayenunua tokeni anajua uzito wa namba hiyo ifikapo mwisho wa mwezi. Kile kidogo kiitwacho Mini, chenye ruta ndani ya dishi lenyewe, hutumia wati 25 hadi 40 na kinakubali umeme wa volti 12 hadi 48, kwa hiyo mtu wa sola anaweza kukilisha kutoka kwa betri bila kupitia inveta. Kina tundu moja la waya pia. Redio yake ya waifai ikichoka, utachomeka ruta yako kwenye tundu hilo uendelee. Mfano huu unatosha kuonyesha kwamba kifaa kinaweza kuwa kidogo, nafuu kwa umeme, na bado kikamwachia mwenyewe nafasi ya kuchagua.

Asubuhi ambayo ruta zilikufa kwa pamoja

Wapo watakaosema haya ni mambo ya vijana wanaopenda kuchokonoa vyombo. Nawaomba wakumbuke tarehe 24 Februari 2022. Asubuhi ambayo majeshi ya Urusi yaliingia Ukraine, wadukuzi walipenya kwenye mtandao wa usimamizi wa setilaiti ya KA-SAT ya kampuni ya Viasat. Hawakuigusa setilaiti. Walituma amri kwa modemu zilizokuwa majumbani na maofisini, amri iliyofuta kumbukumbu zao za ndani. Maelfu kwa maelfu ya modemu zikazimika Ukraine na kwingineko Ulaya. Nchini Ujerumani, mitambo 5,800 ya kuzalisha umeme kwa upepo ya kampuni ya Enercon ilikosa mawasiliano na wasimamizi wake, ingawa haikuwa na uhusiano wowote na vita. Viasat ilibidi isafirishe karibu modemu 30,000 mpya ili kuwarudisha wateja mtandaoni. Mei ya mwaka huohuo, Umoja wa Ulaya, Marekani na Uingereza ziliitaja Urusi kuwa ndiyo iliyofanya hivyo.

Setilaiti ilikuwa nzima, dishi lilikuwa zima, na mteja alikuwa ameshalipa. Kilichokufa ni kisanduku cha ndani, na kwa kuwa visanduku vyote vilikuwa vya aina moja na vilitii amri kutoka mahali pamoja, vilikufa pamoja. Mwenye nyumba hakuwa na la kufanya ila kusubiri lori. Je, sisi tunaokimbiza hospitali za kaunti, shule na ofisi za machifu kwenye mtandao wa setilaiti, tumeuliza ni nani mwenye uwezo wa kuvizima visanduku vyetu, na vikizimika tutaviwasha vipi?

Hoja ya kampuni ina ukweli ndani yake

Kampuni husema kwamba ruta iliyofungwa hupokea maboresho ya usalama yenyewe, usiku, bila mteja kujua lolote. Ni kweli, na ni jambo jema. Ruta iliyonunuliwa ikaachwa na neno la siri la kiwandani ni hatari kwa mtaa mzima. Mwaka 2016 programu haribifu ya Mirai iliteka kamera na ruta za majumbani kwa kujaribu tu maneno ya siri ya kiwandani. Mwaka 2018 nyingine, VPNFilter, ilikutwa kwenye ruta zipatazo nusu milioni katika nchi 54, na shirika la upelelezi la Marekani, FBI, likawaomba wenye ruta wazizime na kuziwasha upya.

Lakini dawa ya uzembe ni kumfundisha mwenye chombo na kumpa maelezo. Anayebadilisha ruta achukue na wajibu wake: abadilishe neno la siri siku hiyohiyo, aruhusu maboresho ya programu, aulize kama mtengenezaji bado anayatoa kwa modeli ile. Mwenye gari tunamdai leseni na ukaguzi, na bado tunamruhusu kufungua boneti.

Wengine wameshaandika sheria

Ujerumani ilimaliza ubishi huu tarehe 1 Agosti 2016. Tangu siku hiyo, mtoa huduma ya mtandao wa waya haruhusiwi kumlazimisha mteja kutumia ruta yake, na ni lazima ampe taarifa zote za kuunganisha ruta aliyojichagulia. Marekani ilifika mapema zaidi kwenye simu. Mwaka 1968 tume ya mawasiliano ya huko iliamua, katika shauri la kifaa kiitwacho Carterfone, kwamba mteja anaweza kuunganisha chombo chake kwenye mtandao wa AT&T mradi hakiudhuru mtandao. Baadaye vikafuata soko huru la mashine za faksi na modemu, na kupitia modemu hizo intaneti ikaingia majumbani. Tangu Desemba 2020, sheria ya huko inamzuia pia mtoa huduma ya mtandao wa nyumbani kumtoza mteja kodi ya ruta ambayo mteja amejinunulia mwenyewe.

Kwetu msingi upo tayari. Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya kinampa mtumiaji haki ya bidhaa na huduma za ubora unaofaa, na haki ya kupata taarifa anazozihitaji ili anufaike nazo kikamilifu. Mamlaka ya Mawasiliano huidhinisha vifaa vya mawasiliano kabla havijauzwa nchini. Inaweza basi kuweka masharti kwenye idhini hiyo: ruta iwe na angalau tundu moja la waya wa kawaida, sehemu ya umeme iweze kubadilishwa peke yake, na muuzaji aeleze kwa Kiswahili na Kiingereza namna ya kuunganisha ruta nyingine. Kwa wale wanaokodi vifaa, mpango ambao Starlink iliuanzisha hapa mwaka 2024, naelewa kwamba kukifungua kifaa cha mwenyewe si haki. Kuunganisha ruta yako kando yake bado ni haki, na mkataba useme hivyo.

Kabla hujatoa pesa

Ukishapima na ukaona ruta ndiyo tatizo, usikimbilie dukani. Angalia kwenye droo. Nyumba nyingi zina ruta iliyobaki baada ya kuhama kutoka kwa mtandao wa faiba, na kama mtoa huduma wa zamani hakuifunga, inaweza kuwekwa chumbani, ikaunganishwa kwa waya na ile ya sebuleni, ikaendelea kugawa waifai huko. Kwa nyumba ya mawe au ya mabati, waya mmoja uliopitishwa darini una nguvu kuliko ruta yoyote ya bei.

Ukiamua kununua, utakuta kwenye maduka ya barabara ya Luthuli jijini Nairobi ruta za kila bei, na shule inaweza kuchagua ruta za MikroTik kwa sababu mwalimu wa kompyuta anaweza kugawa kasi: maabara ipate kiasi chake, ofisi kiasi chake, na simu za wanafunzi zisimeze vyote. Anayefikiria kuuza waifai kwa majirani akumbuke kwamba kufanya hivyo bila leseni ya Mamlaka ni kosa, na mikataba ya huduma za nyumbani hairuhusu. Ruta mpya ikishaunganishwa kwa waya, ile ya kampuni huwekwa kwenye hali ya kupitisha tu, kupitia programu ya simu. Waifai yake inazimika, yako inabaki. Kuirudisha ilivyokuwa kunahitaji kuifuta mipangilio yote, kwa hiyo piga picha ya kila ukurasa wa mipangilio kabla hujabonyeza chochote. Na ikishafutwa hurudi hewani kwa jina la STARLINK au STINKY bila neno la siri, ikiwa wazi kwa mtaa mzima, hadi uiwekee jipya.

Usikate waya wa kizazi cha pili kwa mkasi eti unatengeneza kichwa cha kawaida. Mpangilio wa umeme ndani yake hauko kama wa waya wa kawaida, na dishi likiungua hakuna dhamana itakayokusikiliza. Na anayenunua seti ya mkono wa pili, hata ikiwa ya bei ya kutupa, amwombe muuzaji aiondoe kwenye akaunti yake wakiwa bado wamesimama pamoja, na aione imeondoka kwenye skrini, ndipo atume M-Pesa.